Difizeri ya Birere: nusu ya lawama ni yangu, nusu ya pili iko ndani ya chupa

Butiki siitaji. Iko Birere, mtaa wa biashara wa Goma, hiyo inatosha. Nazungumzia difizeri, kile kimashini cha kusambaza mafuta ya harufu nyumbani: unaweka maji, unatonesha mafuta, kinatoa ukungu baridi. Wengine wanayaita mafuta ya esansi, lakini ukisema hivyo hapa Goma utaonyeshwa bidoni ya petroli. Kimashini chenyewe hakikumaliza miezi miwili. Ukungu ulipungua, ukawa kama pumzi ya mgonjwa, mwishowe zikabaki taa za rangi tu, zinawaka kama ukumbi wa harusi.

Nilipokirudisha, kijana wa butiki hata hakukigusa. Alichungulia ndani, akasema: «Mama, wewe njo umeharibisha. Umewekamo mayi ya ziwa. Garanti iko ya mashini, haiko ya mayi.» Akarudi kwenye simu yake. Pole hakuna, leta tuone hakuna.

Kinachoniuma ni kwamba maneno yake ni ya kweli nusu. Nusu ya pili aliniuzia mwenyewe, kwenye chupa ya mililita 10.

Nianze na nusu yake. Chini ya bakuli la difizeri kuna kisahani cha kauri, upana wake kama milimita 20, kinachotetemeka zaidi ya mara milioni 1 kwa sekunde. Hakichemshi kitu. Kinayavunja maji kuwa ukungu, na chochote kilichomo majini ama kinarushwa hewani ama kinaganda papo hapo. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, magnesi hasa, na ndiyo hayo yanayojaa kwenye bidoni zetu za njano. Chungulia birika lako la chai utauona ukoko wake. Kwenye birika hauna neno. Juu ya kisahani, ukoko mwembamba kama karatasi ya sigara unatosha kukinyamazisha. Dalili ya kwanza ni vumbi jeupe kwenye meza na kwenye kioo cha televisheni karibu na mashini. Ukiliona hilo, usingoje ukungu ukatike.

Kuchemsha maji kunaua vijidudu na kugandisha sehemu ya chokaa kwenye sufuria, ila chumvi nyingine zinabaki. Ya mvua? Mvua yetu inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo kabla ya kufika kwenye bati lenye majivu, kwa hiyo mimi siyaweki. Bora maji ya chupa, na kwenye lebo utafute maneno «résidu sec», yaani madini yanayobaki maji yakikauka: namba ikiwa ndogo, ukoko ni mdogo. Wapo wanaotumia maji ya betri. Yakiwa kweli yamekenekwa, kisahani kitayapenda, lakini pale pale yanapouzwa inauzwa pia asidi ya betri, na chupa zinafanana. Mimi sichezei kitu ambacho nitakivuta puani.

Haya, kwa maji nimekubali kosa. Sasa chupa.

Lebo ilisema mkaratusi asilia 100%. Jina la mmea kwa Kilatini halikuwepo, na hapo ndipo nilipaswa kuiacha. Mafuta ya kweli yanaandikwa Eucalyptus globulus kama ni yale makali ya kufungua pua, au Eucalyptus citriodora kama ni yale yenye harufu ya limau. Ni mafuta mepesi, yanadondoka haraka. Haya yalikuwa yanateremka polepole kama mtu asiyetaka kutoka kitandani. Nikafanya jaribio la karatasi: tone 1 kwenye karatasi nyeupe, kando yake tone 1 la mafuta ya alizeti ya jikoni, nikaacha hadi asubuhi. Mafuta safi ya mkaratusi yanaruka yote, karatasi inabaki kavu. Kwangu yalibaki madoa 2 ya mviringo, mapacha, yanang'aa ukiyainua kwenye mwanga. (Jaribio hili halifai kwa mafuta mazito kama pachuli au vetiva, hayo yanaacha alama hata yakiwa safi.)

Yaani niliuziwa mafuta ya kupikia yenye harufu! Mafuta ya namna hiyo hayapandi na ukungu ipasavyo. Yanatulia juu ya kisahani kama utando, chokaa ya ziwa inanasa humo, na vyote viwili vinakuwa kama gundi. Na kwa kuwa harufu ni hafifu, unaongeza: matone 10, 15, 20. Unaizika mashini kwa mkono wako. Kipimo cha mafuta safi ni matone 3 hadi 5 kwa mililita 100 za maji, nusu saa inatosha, kisha uzime na ufungue dirisha.

Hapa pia ndipo wengi wanakosea kusafisha. Wanaanza na siki, wanaona haifanyi kitu, wanatupa mashini. Siki inayeyusha chokaa lakini haikati mafuta; kukiwa na utando juu, haiufikii ule ukoko kabisa. Chomoa waya kwenye prizi. Mwaga maji upande usio na tundu la hewa, maana yakiingia pale yanafika kwenye feni. Lowanisha kijiti cha pamba kwa alkoli ya asilimia 70, zungusha taratibu juu ya kisahani, badilisha vijiti mpaka kimoja kitoke cheupe. Sasa ndiyo siki: kijiko 1 kikubwa ndani ya maji ya vuguvugu, dakika 15, halafu suuza na ukaushe. Kisu hapana. Ukucha hapana. Juu ya kauri kuna tabaka jembamba la metali linalopitisha umeme, ukilikwaruza basi.

Nilifanya hivyo, na ukungu ukarudi. Kwa hiyo nafuta neno «takataka» nililolitumia pale dukani; kimashini chenyewe si kibaya, kwa bei ile hata ni kizuri.

Lakini nikikumbuka alichosema siku ya kununua, hasira inapanda upya. Alinihakikishia mkaratusi ni mzuri kwa mtoto mchanga mwenye kikohozi. Mzuri wapi! Mkaratusi na pepaminti vinaweza kumkaba pumzi mtoto mdogo, hasa vikiwa karibu na uso wake, na kuyanywa ni sumu hata kwa kiasi kidogo. Ukoko unasafishwa. Maneno kama hayo anamwambia mama gani mwingine sasa hivi?

Basi kimashini nakipa 3 kwa 5, chupa naipa sifuri, na kijana simpi kitu. Ukungu umerudi nusu tu ya ule wa mwanzo. Kisahani kimechoka, kinataka kubadilishwa. Nimezunguka Birere nzima nikikitafuta. Anayekiuza ni yeye peke yake.