Safari ya jangwani Dubai: uliza gari na dereva kwanza, chakula baadaye

Matangazo ya safari ya jangwani Dubai yanafanana kama mapacha. Land Cruiser juu ya tuta la mchanga, ngamia, mcheza ngoma mwenye sketi ya kuzunguka, sinia la nyama choma. Bei ndizo zinazopishana, na mgeni hubaki akijiuliza anacholipia zaidi ni nini hasa. Jibu liko mchangani. Safari ya jioni huchukua takriban saa sita: unachukuliwa hotelini kama saa tisa alasiri, unarudishwa kwenye saa tatu usiku. Katika muda wote huo, gari hupanda na kushuka matuta kwa dakika 20 hadi 45 tu. Dakika hizo ndizo bidhaa yenyewe, kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kulipa ni hili: mtakaa dakika ngapi kwenye matuta, na matuta ya wapi?

Jibu zuri ni Lahbab. Eneo hilo liko kwenye barabara ya kwenda Hatta, mwendo usiofika saa moja kutoka mjini ikiwa hakuna foleni. Mchanga wake ni mwekundu kwa sababu chembe zimevikwa utando wa kutu ya chuma, na jua linapoinama rangi hukolea mpaka picha ya simu ya kawaida hutoka vizuri. Si kampuni zote zinazokwenda huko. Zipo zinazopeleka wageni kwenye mchanga mweupe wa matuta mafupi, ambako gari linayumba kidogo na safari imekwisha. Neno "jangwani" peke yake kwenye risiti halikuahidi chochote.

Ubora wa dereva huonekana hata kabla gari halijagusa mchanga. Lami inapoishia, gari husimama na upepo wa matairi hupunguzwa. Barabarani tairi hukaa kwenye psi 35 hivi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi). Mchangani hushushwa hadi kati ya 12 na 18. Tazama anavyofanya. Dereva makini huchutama kwenye kila tairi, hutoa upepo kwenye valvu, hupima kwa geji, hutoa tena, hupima tena, mpaka manne yote yalingane. Tairi lililopungua upepo hutanuka na kuwa na unyayo mrefu, uzito wa gari ukasambaa, likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Anayekadiria kwa jicho huku akizungumza na simu anaweza kukosea kwa pande zote mbili. Upepo ukibaki mwingi, gari litazama kwenye tuta la kwanza laini. Ukipungua mno, kona kali inaweza kulichomoa tairi kwenye rimu, na hapo wageni wanashushwa juani wakingoja libadilishwe.

Kwenye kurudi angalia jambo la pili, ambalo wengi hawalijui: upepo lazima urudishwe kabla ya kuingia barabara kuu. Tairi la psi 15 kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa hujikunja mno, hupata joto, na linaweza kupasuka. Dereva akipita pampu bila kusimama, mwambie asimame. Una haki kabisa ya kumwambia.

Kuendesha kwenyewe kuna kanuni. Tuta lina pande mbili. Upande unaopigwa na upepo ni mteremko wa taratibu na mchanga wake umeshikana. Upande wa pili, mchanga unakoporomokea, husimama kwa pembe ya digrii 34 hivi na ni laini kama unga. Dereva hupanda kwa kasi ya kutosha upande wa kwanza, hulegeza mguu karibu na kilele ili aone kilicho mbele, kisha hushuka upande wa pili akiwa amenyoosha moja kwa moja. Tumbo litakupanda kooni, lakini hapo gari liko salama. Hatari ni kushuka mshazari kwenye upande huo mkali: uzito wote hulalia tairi za chini, mchanga unakimbia chini yake, na gari hupinduka. Ndiyo maana magari haya hufungwa fremu ya vyuma ndani, juu ya vichwa vya abiria. Kama gari lililokuja kukuchukua halina fremu hiyo, au mkanda wa siti yako haufungi, usiingie nalo mchangani.

Kukwama si aibu. Hata mabingwa hukwama, hasa alasiri mchanga ukiwa mkavu na moto. Kinachotofautisha ni hatua inayofuata. Dereva mjuzi huondoa mguu kwenye pedali ya mafuta papo hapo, kwa sababu tairi linalozunguka bure huchimba shimo lake lenyewe. Hujaribu kurudi nyuma kwenye njia aliyokuja nayo. Ikishindikana, hufukua mchanga mbele na nyuma ya tairi, hupunguza upepo kidogo tena, au huvutwa na gari jingine kwa kamba. Gari jingine hilo ndilo la kuulizia mapema. Kampuni nzuri hutuma magari kwa msafara, hata mawili tu. Gari lililo peke yake kwenye matuta ya Lahbab ni kampuni iliyobana matumizi mahali pasipofaa kubanwa.

Sasa siti. Safu ya tatu, nyuma kabisa, ndiyo inayorushwa zaidi kwa kuwa imekaa juu au nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Mwenye kichefuchefu cha gari akae mbele, na kama siti ya mbele imechukuliwa, safu ya kati. Dawa ya kichefuchefu imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya matuta. Ukiimeza wakati moyo umeshachafuka umechelewa. Kula chakula chepesi saa mbili kabla, tazama upeo wa macho badala ya simu, na mwambie dereva "taratibu" mapema kabla hujafika kutapika. Wajawazito, wenye matatizo ya mgongo, shingo au moyo, na watoto wadogo wasipande matuta kabisa. Kampuni inayowajali huwa na njia ya kuwafikisha kambini bila kupita huko. Ikikujibu kwamba "haina shida, watazoea", tafuta nyingine.

Kambini kuna hina, mavazi ya kupigia picha, ubao wa kuteleza mchangani, bufee, tanoura (ile ngoma ya sketi ya kuzunguka) na mchezo wa moto. Chakula ni cha kawaida, cha kupikiwa watu wengi. Panga foleni mapema, kwa maana nyama ya kwanza kutoka jikoni ndiyo laini. Ngamia ni mzunguko wa dakika chache tu, ila ujue jinsi ya kukaa: anaposimama huinua miguu ya nyuma kwanza, nawe unatupwa mbele, anapopiga magoti hukunja ya mbele kwanza, unatupwa mbele tena. Mara zote mbili shika kwa nguvu na uegemee nyuma. Pikipiki za magurudumu manne mara nyingi hulipiwa kando, na huko ndiko bei ya chini ya tangazo hufidiwa. Uliza kabla ya kuondoka mjini, na uitake bei kwa maandishi. Mwezi wa Ramadhani kambi nyingi huondoa muziki na ngoma, basi kama ulikuja kwa ajili hiyo chagua mwezi mwingine.

Novemba hadi Machi ndiyo miezi yenyewe. Kiangazi joto hupita digrii 40 na mchanga huunguza nyayo. Desemba na Januari beba sweta, kwani jua likizama baridi ya jangwani huingia upesi. Jua huzama kama saa kumi na moja na nusu jioni mwezi Desemba, na saa moja jioni na dakika kadhaa mwezi Juni; muda wa kuchukuliwa hotelini uendane na hilo, la sivyo utalikuta limeshazama. Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na lenzi ya kamera usiibadilishe nje hata kama upepo umetulia.

Asiyependa kurushwarushwa ana njia bora zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo inayostahili bei kubwa: safari ndani ya hifadhi ya Dubai Desert Conservation Reserve, yenye kilomita za mraba 225 na kampuni chache zenye kibali. Huko mwendo ni wa kutazama. Utaona swala, miti ya ghaf ambayo ni mti wa taifa wa Umoja wa Falme za Kiarabu, na choroa wa Kiarabu, mnyama mweupe mwenye pembe ndefu aliyetoweka porini mwaka 1972, akabaki kwenye bustani za wanyama na kwa wafugaji binafsi tu, kisha akarudishwa nyikani kuanzia Oman mwaka 1982. Kumwona akivuka tuta asubuhi, vumbi jembamba likifuata kwato zake, kunapita ngoma zote za kambini.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni ina leseni ya Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai, na uliza kama gari ni lako peke yako au la kuchangia. La kuchangia huchukua abiria sita, na huzunguka hoteli kadhaa kuwakusanya. Omba uwe wa mwisho kuchukuliwa.