IB ya UWC Moshi au kidato cha tano na sita?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mjadala huu huanza upya: mtoto asome tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita) shule ya serikali, au aombe nafasi ya diploma ya IB, mtaala wa kimataifa, pale UWC East Africa, shule ya kimataifa ya Moshi?

Kwenye pesa, serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Mzazi anabaki na nauli, sare, godoro na ile michango isiyoisha. UWC hutoza kwa dola, na si dola chache. Lakini ufadhili wake huangalia uwezo wa familia, kwa hiyo mtoto wa mkulima asikate tamaa kabla ya kuomba.

Masomo ndiyo tofauti kubwa. Tahasusi ya PCM, kwa mfano, ni fizikia, kemia na hisabati, unazama humo miaka miwili. IB inadai masomo sita, lugha zikiwemo, insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000 na kazi za kujitolea. Anayechukia kuandika atateseka.

Bwenini, UWC unaishi na vijana wa mataifa mengi. Ila hata shule ya serikali hupokea watoto wa mikoa mbalimbali, tusiidharau.

Anayelenga udaktari Muhimbili, PCB (fizikia, kemia na biolojia) ndiyo njia fupi. Cheti cha IB lazima kwanza kipate ulinganifu NECTA, baraza la mitihani. Anayetaka Marekani, mpango wa Davis hufadhili wahitimu wa UWC katika vyuo shirikishi. Asiyejua bado anataka nini, masomo sita yanampa muda.