Mtambo wa biogesi wa kuba: tathmini baada ya miaka miwili ya matumizi

Miaka miwili iliyopita tulijenga nyuma ya zizi letu, huku Machame kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mtambo wa biogesi (gesi ya kupikia inayotokana na samadi inayooza bila hewa) wa mita za ujazo 6, wa aina ile ya kuba la matofali linalofukiwa ardhini, ambayo CAMARTEC, kituo cha Arusha cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kilianza kuisambaza katika miaka ya 1980. Sikutaka kuutolea maoni mapema, kwa sababu kila mtambo mpya husifiwa, na kasoro zake hujitokeza baada ya misimu kadhaa ya mvua na baridi. Gharama yake, kuanzia matofali na saruji hadi mabomba, jiko la pleti mbili na ujira wa fundi, ilikaribia bei ya mtamba mwenye mimba. Nataja kipimo hicho kwa makusudi, maana ndicho mfugaji wa hapa hukifikiria kabla ya kutoa fedha yake.

Aliyetuuzia alisema gesi hii ni ya bure, na hapo alituhadaa kidogo. Mtambo huu ni mfugo mwingine zizini: usipoulisha leo, kesho kutwa moto unadhoofika. Kila asubuhi tunapeleka ndoo mbili za lita 20 za samadi mbichi na ndoo mbili za maji, tunakoroga mpaka mabonge yaishe, tunaokota majani na mabua yasije yakaziba njia, kisha ndipo tunaachia mchanganyiko uteremke. Kwa kuwa tuna ng'ombe watatu wa maziwa wanaolishwa bandani, samadi haijawahi kutupungukia. Maji ndiyo yaliyotusumbua, hasa mwezi Januari na Februari mfereji unapopungua, na tumejifunza kuchanganya mkojo wa ng'ombe unaochuruzika kutoka kwenye sakafu ya banda ili kuokoa angalau ndoo moja. Mwenye kuchunga ng'ombe nje mchana kutwa, au anayeteka maji kwa mwendo wa nusu saa, asishawishike.

Kwa chakula hicho, mtambo hutupatia takribani lita 1,500 za gesi kwa siku, ambazo kwa pleti moja zinatosha saa nne hivi. Chai na uji wa asubuhi, mtori, wali wa jioni na maji ya kuoga ya watoto vyote vinapikika, kwa mwali wa buluu usioacha masizi kwenye sufuria. Makande ni habari nyingine: mahindi na maharage yasipolowekwa usiku kucha, yatakula gesi ya siku nzima. Mwezi Juni na Julai, baridi ya mlima inapoingia ardhini, vijidudu vinavyozalisha gesi hupoa pamoja nasi, na tunarudi kwenye kuni kwa mlo mmoja wa siku. Taa ya gesi tuliyouziwa pamoja na jiko sikuipenda hata kidogo. Inakula gesi nyingi, inatoa joto na mwanga hafifu, na balbu ndogo ya sola inaishinda kwa mbali.

Ujenzi wenyewe ulikuwa na dosari moja kubwa. Fundi alilaza bomba la kuelekea jikoni bila mteremko, mvuke ukageuka maji ndani yake, na kwa miezi miwili mwali ulikuwa ukirukaruka na kuzimika, hadi tulipofukua tena na kuweka mtego wa maji mahali palipo chini kuliko pengine. Anayejenga leo asimamie jambo hilo kwa macho yake kabla bomba halijafukiwa. Asimamie vilevile upakaji lipu wa ndani ya kuba, tabaka kwa tabaka, kwa sababu kuba linalovuja haliharibu mfuko wa mwenyewe tu. Zaidi ya nusu ya gesi hii ni methani, ambayo ikitoroka bila kuchomwa hulipasha joto anga kuliko hewa ya ukaa kwa zaidi ya mara 25 katika kipindi cha miaka 100, na kwa mtambo unaovuja ni afadhali samadi ingeachwa kwenye lundo lake. Sisi hupaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya bomba kila mwanzo wa mwezi.

Kilichonishangaza ni tope linalotokea upande wa pili, yaani samadi iliyokwisha kutoa gesi. Nilikuwa nimelihesabu kuwa taka ya kutafutiwa shimo, kumbe ndilo lililorudisha sehemu kubwa ya gharama. Halina harufu kali, halivuti nzi, na halichomi mizizi kama samadi mbichi. Tumelichimbia mtaro unaoingia moja kwa moja kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, na tangu msimu wa kwanza hatujanunua mbolea ya dukani kwa ajili ya migomba wala kahawa. Kama ningelazimika kuchagua kati ya gesi na tope, ningesita.

Mama yangu ana lalamiko ambalo hakuna muuzaji anayelitaja. Mahindi ya mbegu tulizoea kuyatundika darini juu ya mafiga, moshi ukayakausha na kuyakinga na wadudu. Moshi ulipokwisha jikoni, mwaka wa kwanza mbegu zote zilitobolewa, na sasa tunazihifadhi kwenye mapipa yenye mifuniko ya kubana. Kifua chake, hata hivyo, kimetulia, na yeye mwenyewe ndiye anayeamka kulisha mtambo kabla ya kukamua.

Jirani yetu mwenye ng'ombe mmoja alikuja wiki iliyopita kuuliza kama ajenge wa mita 4. Nilimwonyesha ndoo zetu nne, nikamshauri anunue kwanza ndama wa pili.