Njia ya UFO msitu wa Rendlesham: nendeni, ila bebeni sauti ya kanali kwenye simu

Wadau mlioko Uingereza mnaotafuta pa kupeleka watoto bila kukamuliwa mfukoni, kuna njia ya kutembea kwa miguu ndani ya msitu wa Rendlesham, Suffolk, wenyewe wanaiita UFO Trail (UFO ni chombo kisichojulikana kinachoonekana angani), kama kilomita 5 hivi mzunguko mzima, kiingilio hakuna, unalipia pakingi tu. Mi naipa nyota 4.

Kwa wasioijua stori: Desemba 1980, kambi za ndege za Woodbridge na Bentwaters, jirani na msitu, zilikuwa za Waingereza ila waliokaa ndani ni jeshi la anga la Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 26 walinzi wa geti la mashariki wakaona mataa yanashukia msituni, wakadhani ndege imedondoka, wakatoka kucheki. Siku mbili baadaye naibu kamanda wa kambi, Luteni Kanali Charles Halt, akaingia porini mwenyewe usiku na vijana wake, wana kipima mionzi, darubini ya kuonea gizani na kinasa sauti cha kaseti ndogo. Tarehe 13 Januari 1981 akaandika memo ya ukurasa mmoja kwenda Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, wizara ikaona hamna tishio kwa ulinzi wa nchi, ikaishia hapo.

Sasa utamu. Ile kaseti ipo mtandaoni, dakika kama 18, ishusheni kabisa kabla ya kutoka nyumbani. Isikilize ukifika ukingo wa mashariki pale miti inapoishia na shamba linaanza. Unasikia wanaume wazima wanahema, halafu mmoja anasema anauona tena ule mwanga, kidogo tena anauona, we hesabu ile nafasi katikati: sekunde tano tano hivi. Na mnara wa taa ya meli wa Orfordness, uliokuwa kama kilomita 8 mbele upande huohuo, ulikuwa unamulika kila sekunde 5! Aisee mwili ulinisisimka. Polisi wa Suffolk waliitwa usiku ule wa kwanza na wao waliandika kwamba mwanga pekee unaoonekana ni wa mnara wa Orford. Halt hataki kusikia hiyo, anasema mnara aliuona vizuri tu na ulikuwa pembeni, na 2010 alitoa taarifa ya kiapo kwamba vile vitu anaamini si vya dunia hii.

Mi kinachonishangaza ni ulegevu wa uchunguzi wenyewe, memo imekuja zaidi ya wiki 2 baadaye na tarehe za matukio zimesogea kwa siku moja, yaani kanali mzima, tarehe! Vishimo vitatu vya chini wakavipima mionzi eti ndo miguu ya chombo, mtu wa misitu wa hapohapo alipovikagua akasema ni sungura hao, na makovu waliyoyaona kwenye miti ni alama za shoka za miti iliyopangwa kukatwa.

Nyota niliyokata ni kwa sababu msitu si ule tena. Dhoruba ya Oktoba 1987 iliangusha miti kibao, mnara ulizimwa 2013 ukabomolewa 2020, kwahiyo hata ukienda usiku huna cha kulinganisha. Alafu wameweka sanamu ya chombo chenyewe, kimetengenezwa kufuata michoro ya walioshuhudia, watoto wanakipenda balaa, ila kwa mtu mzima kinakupa jibu kabla hujajiuliza swali.

Vaeni mabuti, mvua ikipiga ni tope tupu. Na kama mnataka majengo ya jeshi yenyewe, pale Bentwaters kuna makumbusho ya Vita Baridi, ila hawafungui kila siku so chekini ratiba yao kwanza msije mkaendesha bure.