Ka-Bar Becker BK9: kisu cha kuni, si cha nyasi

Aliyezoea panga akikishika kisu cha Becker BK9, kinachotengenezwa na kampuni ya Ka-Bar, atauliza mara moja kina kazi gani ambayo panga lake haliiwezi. Jibu liko kwenye unene. Mgongo wa kisu hiki una karibu milimita 4.8, wakati mapanga mengi ya dukani huwa na 2 hadi 3. Bapa lina sentimita 23.5, kisu kizima kama 38, na uzito wake unakaribia nusu kilo. Chuma hakiishii mwanzo wa mpini, kinapita ndani yake hadi mwisho, kwa hiyo kinavumilia kugongwa.

Na kugongwa ndiko kunakokifanya kiwe na maana. Simamisha gogo juu ya kigogo kingine, laza makali juu yake, kisha piga mgongo kwa rungu la mti mgumu. Usitumie nyundo wala jiwe. Bapa likizama huwa kabari, na unene ule ndio unaotanua nyuzi za mti mpaka zinaachana. Panga jembamba huzama vizuri lakini halitanui, linabanwa na kupinda. Ninachosisitiza ni kipenyo: gogo lisizidi sentimita 15, ili ibaki ncha ya kutosha nje ya kupiga baada ya bapa kuzama. Gogo likiwa nene zaidi, banja vipande kutoka pembeni ukielekea katikati. Likiwa na fundo, geuza uanzie upande wa pili. Kisu kikikwama usikipindue kwa nguvu kushoto na kulia, maana hapo ndipo makali hupata mapengo. Piga ncha na nyuma ya bapa kwa zamu au weka kabari ya mti kwenye ufa.

Kwenye nyasi na vichaka vyembamba panga linashinda, tena kwa mbali. Nyasi hukatwa na mwendo kasi wa ncha, na bapa fupi namna hii haliwezi kupata kasi ile. Jikoni pia unene unakera: nyama inakatika vizuri, lakini karoti hupasuka kabla ya kukatika. Beba kisu kidogo pembeni.

Chuma chenyewe ni 1095 Cro-Van, yaani chuma cha kaboni kilichoongezwa kromu na vanadi kidogo, chenye ugumu wa 56 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Mimi naupenda ugumu huo kwa kazi za porini, kwa sababu tupa nzuri bado inauma, na makali yakigonga jiwe huelekea kujikunja kuliko kumeguka. Pembe ya makali ni kama nyuzi 20 kila upande. Kabla ya kunoa, paka wino wa kalamu nene kwenye makali, pitisha mara mbili kwenye jiwe, kisha tazama wino umeondoka wapi. Ukibaki karibu kabisa na ukingo, umelaza kisu mno, inua kidogo. Anza na jiwe la kunolea la namba 400, lenye chembe kubwa, malizia na la 1000, lenye chembe ndogo zaidi, kisha futa makali kwenye mkanda wa ngozi ukivuta kinyumenyume. Mashine ya umeme ya kusaga vyuma isikaribie: makali yakigeuka bluu yameshapata joto linalokaribia nyuzi 300 za selsiasi, na sehemu hiyo imelainika.

Kromu iliyomo ni kidogo mno kuzuia kutu. Rangi nyeusi inalinda bapa, si makali. Ukikata ndimu au embe bichi, osha na ukaushe papo hapo. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa kuhifadhi. Ya kupikia huganda na kunata, ingawa kwa kisu kitakachogusa chakula ni bora uyatumie hayo na uyafute mara kwa mara. Wa Pwani, wenye hewa ya chumvi, wasikihifadhi ndani ya ala. Ala ya kitambaa hushika unyevu.

Mpini ni wa plastiki ngumu, umejaa mkono vizuri, ila uso wake ni laini na kwa jasho unateleza. Vipande vyake vimefungwa kwa skrubu zinazofunguliwa kwa spana ya L yenye pembe sita, hivyo unaweza kuvitoa, ukakausha maji yaliyojipenyeza na kupaka mafuta chini yake. Vifungue kila baada ya msimu wa mvua.