Mita ya kutafutia setilaiti niliyonunua Kariakoo: nyota mbili, tena kwa shingo upande

Sitaki kueleza skrini ina inchi ngapi wala inasoma masafa gani. Hayo yameandikwa kwenye boksi na kila muuzaji ameyabandika mtandaoni. Mimi nataka kusema habari ya tundu moja la waya, na ya kijana mmoja wa kaunta ambaye mpaka leo nikimkumbuka chai hainishuki.

Kwa asiye fundi: dishi la intaneti si sawa na lile la king'amuzi. La king'amuzi linapokea tu. Hili linarusha pia, na setilaiti unayoirushia iko kilometa 36,000 hivi juu ya ikweta, jirani zake wako nyuzi mbili tatu pembeni. Ukikosea kidogo unamchafulia mtu mwingine mawimbi yake, na wale jamaa wa kituo kikuu kinachosimamia mtandao wanakufungia kurusha kabla hujashuka kwenye ngazi. Ndiyo maana tunajikamua kununua mita inayokutajia setilaiti uliyoikamata, badala ya kile kidude kinacholia pii kwa chochote kinachopita.

Nilinunua wakati wa ile kashkash ya setilaiti ya Intelsat 33e. Wengi watakumbuka: tarehe 19 Oktoba 2024 ilipoteza umeme ikavunjika vipande huko huko angani, nyuzi 60 mashariki, na wateja wake, Afrika wakiwemo, wakabaki na madishi yanayotazama patupu. Simu zikaanza kulia. Fundi, njoo uhamishe dishi. Na sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu yetu, kwa sababu mstari wa setilaiti unapita karibu utosini kutoka mashariki hadi magharibi, kwa hiyo mara nyingi kuhama ni kuinua au kulaza dishi kuliko kulizungusha. Nikajiambia mita nzuri itajilipa ndani ya muda mfupi.

Na ilianza vizuri, sitasema uongo. Betri inakaa kutwa. Inasoma haraka. Skrini ndiyo inasumbua jua likiwa kali, inabidi uifunike na kofia, lakini hayo ni ya kuvumilia.

Basi nikapata kazi Ukerewe, kwenye zahanati. Nimevuka na kivuko mpaka Nansio na begi langu, LNB ya akiba (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi), waya, tepu, kipimapembe, dira (na dira unaisomea mbali na nguzo ya chuma, wanaoanza kazi mlisikie hilo). Nikapanda juu. Dishi lilikuwa bado limeelekezwa kwa marehemu, mashariki karibu kabisa, limeinuka kama nyuzi 58. Nikachomeka waya kwenye mita, nikabana kwa vidole, nikamalizia kidogo na spana namba 11 kama ninavyobana konekta zote tangu nianze kazi hii.

Tundu la mita likazunguka pamoja na spana. Lote, kama jino bovu.

Skrini ikawa haioni kitu. Nikaifungua pale pale juu ya paa. Nilichokiona ndani ndicho kilichonitia hasira kuliko kuharibika kwenyewe: lile tundu limeshikwa na risasi ya kuchomelea peke yake. Hakuna nati ya kulibana kwenye ganda. Hakuna kibati. Kifaa ambacho kazi yake yote duniani ni kufungwa na kufunguliwa waya, na sehemu ya kufungia waya ndiyo waliyoibania pesa!

Aliyeniokoa ni kijana wa pale Nansio anayefunga ving'amuzi. Alikuja na kile kidude cha pii ninachokidharau. Kikatupatia setilaiti fulani, hatujui ipi, halafu nikawasha modemu na muuguzi mmoja akawa anatusomea namba kwa sauti kupitia dirishani huku mimi nikisukuma dishi kidogo kidogo. Mara ya kwanza tulikamata siyo. Jua lilipoinama tukapata yenyewe, nikapiga simu kituo kikuu wakanipimia upande wa kurusha, nikazungusha kichwa kizima, LNB pamoja na BUC (ile inayorusha), mpaka wakaridhika. Kazi ikaisha. Ile mita ya laki kadhaa imelala begini.

Sasa duka. Nilipopita Dar kwa shughuli zangu nikaingia na mita na risiti. Kijana hakuinua macho kwenye simu.

“Kaka, hii umebana na spana.”

Nikamwambia ndiyo, konekta ya nje hubanwa na spana, bila hivyo maji yanaingia.

“Basi spana ndiyo imeiua. Au ulichomeka kwenye waya wa BUC.”

Mdogo wangu, nikamwambia, waya wa BUC unabeba volti 24, hata mwanafunzi wangu haigusishi mita pale. Tazama ndani, tundu halina nati. Hakutazama. Akachukua risiti yangu, akaigeuza juu. Imefutika, si unajua hizi karatasi za mashine zinavyokuwa. Akacheka na mwenzake, akasema, “Nyie mafundi wa mikoani mnatumia nguvu sana.”

Mafundi wa mikoani! Nimefunga madishi ambayo yeye hajawahi kuyaona hata kwenye picha. Na nguvu ipi, ya spana yenye urefu wa kiganja? Wenye duka wangeninyima warranti kwa heshima ningeondoka kimya, nimezoea. Lakini kuambiwa hivyo mbele ya wateja, na mtu ambaye nina hakika hajui LNB inaingizwa upande gani...

Naomba nirudi kwenye mita. Fundi redio wa Mwanza aliichomelea tundu upya, akaweka na nati kwa nje, kitu ambacho kiwanda kilishindwa. Mimi nimefunga kiunganishi kifupi juu yake ambacho hakitoki, waya nafungia hapo. Tangu siku hiyo haijanisumbua, na lazima nikiri kwamba kwa usomaji inaizidi mita ya jamaa yangu iliyomgharimu mara tatu. Kwa hiyo ni nzuri? Ndiyo, ukiwa na fundi redio. Nilitaka kuipa nyota moja, nimeongeza ya pili kwa ajili ya betri, na nikimfikiria yule kijana natamani kuiondoa tena.

Tatizo ni kwamba nahitaji ya pili, kwa ajili ya dogo ninayefanya naye kazi, na kwa bei ninayoiweza sijaona inayoifikia. Nitanunua hiyo hiyo. Nitaiagiza Nairobi, nauli juu yangu, ichelewe itakavyochelewa, lakini pale kaunta sirudi.