Rufiji: pantoni la Ndundu na Daraja la Mkapa

Kabla ya 2003, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Lindi au Mtwara kwa gari alikuwa mikononi mwa pantoni la Ndundu, lililovusha magari Mto Rufiji. Masika mto ukifurika, hakuna kuvuka: mabasi na malori yanapanga foleni, abiria wanalala papo hapo mtoni. Wenyeji wa kusini walijiona kama wako kisiwani. Ila foleni hiyo hiyo ndiyo iliyowapa riziki mama lishe na wauza samaki.

Daraja la Mkapa lililochukua nafasi ya pantoni, lenye urefu wa karibu kilomita moja, unalimaliza kwa dakika moja au mbili. Kwa mgonjwa au mzigo wa korosho, sina ubishi: daraja ni bora. Lakini basi halisimami, na Rufiji abiria wanauona dirishani tu, tena walio macho.